Gari ndilo livuke, siyo mama yangu

Maneno haya niliyasema kwenye mkutano mkuu wa mtaa wetu, kando ya Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam. Nimeyaandika kwa ajili ya waliokuwa kazini siku ile, na kwa mitaa mingine yenye shida kama yetu.

Ndugu mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ndugu mtendaji, wajumbe, wazee wangu, mama zangu, kaka na dada zangu, na nyinyi wanafunzi mliosimama kule nyuma kwa sababu viti havikutosha. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nashukuru ajenda hii ya kuvuka barabara kuu na kuleta daladala ndani ya mtaa imetolewa kwenye mengineyo ikapewa nafasi yake. Mkutano uliopita tuliifikia jua limeshazama na watu wameanza kubeba viti.

Wengi mnanijua. Nilianza ukonda wa daladala kwenye Haisi, nikakaa kwenye usukani wa basi la DCM, nikamalizia Kosta. Miaka 19. Kwa hiyo nitakayosema leo siyasemi kwa kuwasakama madereva na makonda. Ni ndugu zangu wale, na wawili watatu nawaona hapa. Nayasema kwa sababu kuna jambo moja niliendesha nalo miaka yote hiyo sikuliona, mpaka nilipoacha kazi nikaanza kumpeleka mama yangu kliniki.

Jambo lenyewe ni hili. Kila abiria wa barabara kuu anavuka barabara mara moja kwa siku. Sisi tuko upande wa kusini. Gari linalotoka mjini linatushushia upande wetu huu, mkono wa kushoto, hatuna shida. Lakini asubuhi, gari la kwenda mjini linapakia ng'ambo. Lazima tuvuke. Wenzetu wa upande wa Goba kwao ni kinyume: asubuhi wanapandia kwao, jioni wakirudi wamechoka, giza limeingia, ndipo wanavuka. Hakuna anayesalimika. Ukienda na kurudi, safari moja kati ya hizo mbili inakupitisha katikati ya magari kwa miguu yako.

Zamani, barabara ilipokuwa na njia mbili, tulivuka tu. Leo kilomita 19.2 za kutoka Kimara mpaka Kibaha zimepanuliwa, zina njia nane. Sina ugomvi na barabara ile. Foleni ya Kimara mnaikumbuka. Mimi nimelala kwenye foleni ile. Mizigo inayokwenda Morogoro, Dodoma, Zambia na Kongo inapita pale, na nchi inakula kupitia pale. Ila barabara ikipanuka kwa gari, kwa anayevuka ndiyo imerefuka.

Tufanye hesabu kidogo, wanafunzi mnisaidie. Njia moja ya barabara kubwa ina upana wa mita tatu na nusu hivi. Njia nne ni mita 14. Mtu mzima mwenye afya, akitembea taratibu, mita moja kwa sekunde, anamaliza mita hizo kwa sekunde 14. Gari lililo kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Zidisheni. Ndani ya sekunde 14 limeshatembea zaidi ya mita 300. Maana yake ni kwamba unapoweka mguu wako barabarani, gari linalokuja linatakiwa liwe mbali kupita viwanja vitatu vya mpira. Sasa mchukueni mzee mwenye mkongojo, anayekwenda nusu mita kwa sekunde. Huyo anahitaji sekunde 28, na gari liwe mita 600 na ushee. Ni nani hapa, alfajiri, anaweza kutazama taa mbili zilizo mita 600 akajua zinakuja kwa mwendo gani? Na hiyo ni nusu ya barabara. Akifika katikati anaanza upya.

Najua kwenye maeneo ya makazi sheria inasema mwisho 50. Nimekaa kwenye usukani, najua pia barabara pana inavyomshawishi mtu kukanyaga mafuta saa kumi na moja alfajiri.

Niwaeleze siku moja tu. Mama yangu ana miaka 78. Kisukari kilimchukua mguu wa kulia, sasa anatumia kiti mwendo. Siku ya kliniki tunatoka nyumbani saa kumi na moja kasoro, kwa sababu kiti kinachukua muda kwenye kifusi. Yale magurudumu madogo ya mbele yanazama, inabidi nikigeuze nikivute kinyumenyume. Kwenye mtaro kuna ubao mmoja. Namshusha, namkalisha kwenye jiwe, navusha kiti, narudi kumbeba. Tukifika kando ya barabara tunasubiri. Siku hiyo kijana mmoja wa bodaboda aliegesha pikipiki yake akaja kunisaidia, Mungu ampe maisha marefu. Tukavuka nusu ya kwanza. Katikati pale, malori yanapita mbele na nyuma, upepo wake unatikisa khanga, mama akafumba macho. Akaniambia, "Usinambie tukianza. We sukuma tu."

Nikasukuma.

Ng'ambo kule magari manne yalitupita. La tano konda alishuka mwenyewe, akakunja kiti, akambeba mama mgongoni akamkalisha siti ya mbele. Lile la tatu konda wake alikuwa ameniambia kiti ni abiria, kina nauli yake, tena nauli mbili. Sikumjibu. Nilishawahi kuwa konda, najua tajiri mwenye gari akiwa anasubiri hesabu yake jioni, kila siti ni hela unayodaiwa. Lakini mama alisikia.

Ndugu zangu, sheria iko upande wetu. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Usafiri umo ndani yake. Na tusidhani ni habari ya viti mwendo peke yake. Mtu mwenye ualbino asiyeona mbali anasoma jina la ruti gari likiwa limeshamfikia puani. Asiyeona anategemea sauti ya konda. Ule wito wa "Ubungo, Ubungo, Simu Elfu Mbili" ambao wengine wanaona ni kelele, kwake ndiyo ubao wa matangazo. Kituo kinapokuwa kando ya njia nane, malori yanaimeza sauti ile. Mjamzito anaambiwa "mguu wa kushoto, mama, mguu wa kushoto" gari halijasimama vizuri. Mtoto wa darasa la pili mwenye begi kubwa kuliko mgongo wake naye yumo kwenye hesabu yangu.

Kuhusu huyo mtoto niseme neno kama dereva. Abiria akishuka, mara nyingi anazunguka mbele ya gari lililomshusha ili avuke. Kutoka kwenye kiti cha Kosta, mtoto mfupi aliye karibu na bampa, tena upande wa kushoto, simwoni. Simwoni kabisa. Na gari linalonipita kulia kwangu halimwoni pia, kwa sababu mimi nimemkinga. Anachomoza ghafla mbele yake. Watu wanasema mtoto alikurupuka. Kwa macho ya mtoto hakukurupuka, alitembea tu kutoka nyuma ya ukuta, na ukuta wenyewe ni gari letu.

Wapo watakaosema tuombe daraja la juu. Tuombe, barua hiyo nayo nitasaini. Lakini aliyewahi kupanda ngazi za Manzese na mzigo wa Kariakoo kichwani anajua kwamba daraja la ngazi linamvusha mwenye miguu mizuri. Mama yangu atabaki chini. Na la mteremko mrefu litachukua miaka, wakati kliniki ni kila mwezi.

Ombi langu ni kwamba gari ndilo livuke. Lina taa, lina honi, lina breki, lina dereva mwenye leseni ya daraja C. Mtu asubirie ndani ya mtaa wake, apandie ndani ya mtaa wake, na kuvuka kufanywe na gari akiwa amekaa.

Nitaeleza njia yenyewe. Tunaomba sehemu ya magari ya mjini, narudia, sehemu, siyo yote, mwisho wake uwe hapa ndani, kwenye uwanja wa zahanati, badala ya stendi ya Mbezi Luis. Gari likitoka mjini linaingia kushoto kwenye barabara yetu bila kukatiza njia ya mtu yeyote. Linapita sokoni, linapita shuleni, linafika zahanati, linashusha. Hapo hapo linapakia wa kwenda mjini. Linatoka, linakwenda na barabara kuu mpaka kwenye makutano, linageuza, linashika njia ya mjini. Nimeizunguka njia hiyo mara tatu kwa bajaji, na haikufika dakika kumi. Wengi wenu mnafanya kitu kama hicho tayari kwa hela yenu: mnapanda gari la kwenda Mbezi, mnageuza nalo mkalipa nauli mbili, ili mpate siti na msivuke. Tunachotaka ni kugeuza kuwe halali, kwa nauli moja.

Kwa nini siombi magari ya Mbezi yapinde huku ndani kisha yaendelee? Nimelifikiria. Mtu wa Mbezi na wa Kibamba naye ana kazi, ana mtoto anamsubiri. Tukimzungusha mtaani kwetu kila jioni tutakuwa tumempa mzigo wetu, na baada ya wiki mbili konda atasikiliza kelele za abiria arudi kupita moja kwa moja. Gari ambalo mwisho wake ni hapa halina abiria wa kulalamika.

Hapo naomba niwatetee madereva. Nimesikia watu wakisema, "Si waingie tu ndani, shida nini?" Shida ni kwamba ruti imeandikwa kwenye leseni ya gari. Ule mstari wa rangi ubavuni na yale majina ya mbele siyo mapambo. Dereva akiingia mtaani kwa huruma yake, trafiki akimkuta amekosea, na faini ataitoa mfukoni. Yule anayekatisha ruti akawashusha watu njiani, tumwite mkosaji. Lakini tusimtake mwema afanye kosa ili atusaidie. Karatasi ndiyo inatakiwa ibadilike, na karatasi ile iko LATRA, mamlaka inayotoa leseni za usafiri wa nchi kavu.

Na inabadilika. Ruti si mto. Daladala zenyewe ziliruhusiwa rasmi mwaka 1983, kwa sababu mabasi ya UDA, shirika la usafiri la jiji, yalikuwa yamelemewa na watu walikuwa wanatembea. Mwaka 2016 mabasi yaendayo haraka yalipoanza kutoka Kimara kwenda Kivukoni, daladala zilizokuwa zinapita njia hiyo zilihamishiwa ruti nyingine. Mimi nilikuwa mmoja wa waliohamishwa, nikajifunza vituo vipya kwa wiki moja. Februari 2021 mabasi ya mikoani yakahama Ubungo yakaja Mbezi Luis, na mwelekeo wa watu wote wa upande huu ukabadilika. Kama jiji liliweza kuhamisha stendi nzima ya mikoa, haliwezi kushindwa kuingiza Kosta chache kwenye mtaa mmoja.

Hayo mabasi yaendayo haraka yana jambo moja zuri sana ambalo napenda mlijue. Vituo vyake vya awamu ya kwanza vimejengwa sawa na sakafu ya basi. Kiti mwendo kinaingia bila kubebwa. Mama yangu alipoingia hivyo mara ya kwanza alicheka kama mtoto. Lakini kukifikia kituo kwanza, hapo ndipo pagumu, na ndiyo maana nazungumzia hiki kipande chetu cha mwanzo, kutoka mlangoni mpaka kwenye gari.

Mama mmoja hapa mbele amenitazama nilipotaja shule. Najua anachowaza. Tutayatoa magari barabara kuu tuyalete getini kwa watoto? Swali la haki kabisa, na sitalipita juu juu.

Hapa hapa Dar es Salaam kuna shirika linaitwa Amend, lilishughulika na shule za msingi zenye ajali nyingi. Walikwenda wakatazama watoto wanapita wapi, siyo wapi wanatakiwa kupita. Kisha wakafanya vitu vidogo: njia ya miguu pembeni, matuta, alama za pundamilia, vigingi vya kuzuia magari, na penye haja geti la shule likahamishwa likatazama upande mwingine. Kazi hiyo ilipata tuzo kubwa ya kimataifa ya miji mwaka 2019. Mimi kilichonigusa ni geti. Hawakumwambia mtoto awe mwangalifu zaidi ya umri wake. Walihamisha mlango.

Kwa hiyo katika barua yetu, kabla gari halijaingia, yatangulie matuta mawili ya shule, moja kabla na moja baada, na kibao cha 30. Gari likiwa kwenye 30, hata likimgonga mtu, nafasi ya kupona ni kubwa. Kuanzia 50 mambo yanakuwa mengine. Na tunaiomba kamati ya shule ifungue geti upande wa nyuma, wa uwanjani, ambako hakuna gari. Bila matuta na geti, mimi mwenyewe nitasimama hapa kupinga ruti hii.

Vumbi, nimelisikia. Barabara yetu ya ndani iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, ile kubwa iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu. Tusichanganye barua zikaishia kuzungushwa maofisini. TARURA tunawaomba kuchongewa, kumwagiwa kifusi kizuri na kalavati mbili, kazi iishe kabla ya masika, maana Machi ikitukuta hivi hakuna Kosta itakayopita bondeni pale. Kwenye mtaro wa barabara kuu tunaomba slabu pana, yenye mteremko, badala ya ule ubao. Nguzo tatu za umeme zimeingia njiani. Na kuna meza za biashara ambazo zitabidi zisogee hatua mbili nyuma. Wenye meza nimeongea nao mmoja mmoja, hakuna aliyefukuzwa, na gari likisimama karibu yao watauza zaidi.

Wamiliki wa magari watauliza hesabu. Asubuhi hawana wasiwasi, gari litajaa hapa hapa kabla halijafika barabarani. Ugumu ni saa nne mpaka saa tisa. Saa hizo tukubaliane gari liondoke kila nusu saa hata kama siti mbili zina nafasi, na sisi tujizoeze kufika kwa saa yake. Kwa mwenye kiti mwendo, gari moja la uhakika ni bora kuliko kumi ya kubahatisha. Na wale dada zetu wanaotoka kazini saa tatu usiku, wanaotembea ile njia isiyo na taa wameshika viatu mkononi ili waweze kukimbia, gari lao la mwisho lisiwe kabla ya saa nne usiku.

Wenzetu wa upande wa Goba wana haki hiyo hiyo kwa safari ya jioni. Wakiandika barua yao nitaibeba mwenyewe.

Sasa kazi. Barua iko mezani kwa katibu. Inapitia kwa mwenyekiti, kwa mtendaji wa kata, kwa diwani, inakwenda Manispaa ya Ubungo na LATRA, nakala kwa trafiki wa wilaya. Usiandike jina tu. Andika na unapotoka, unapokwenda, na saa unayopanda, kwa sababu LATRA wakiuliza abiria wako wapi tuwaonyeshe. Asiyeweza kuandika aweke dole gumba, kijana aliye karibu naye amwandikie mengine. Wanafunzi, na nyinyi muandike. Nauli yenu ni ndogo kuliko yetu lakini mnavuka barabara ile ile.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi tunaipima njia kwa miguu, kutoka zahanati mpaka barabara kuu. Fundi atakuja na futi kamba. Mama yangu atakuwepo na kiti chake, na yeye ndiye atakayetangulia. Pale gurudumu litakapokwama tutasimama, tutapiga picha, tutaweka alama ya chokaa. Naomba watu wawili waje na chokaa.

Asanteni.